Kunyata au zamu? Angalia mpango wako unavyoharibika

Hili swali linarudi kila gemu zikishushwa bei. Mtu ana hela ya gemu moja tu, mbele yake kuna gemu ya kunyata, zile za kujificha kivulini na kupita nyuma ya walinzi bila kuonekana, alafu pembeni kuna gemu ya mkakati ya zamu kwa zamu, zile ambazo unamaliza zamu yako ndo adui anacheza yake, anauliza achukue ipi. Na jibu analopewa ni lile lile siku zote, kama unapenda akshen chukua ya kunyata, kama unapenda kutumia kichwa chukua ya zamu. Kiukweli hilo jibu linapoteza watu. Mtu wa akshen anachukua ya kunyata anakuta anakaa nyuma ya ukuta dakika tatu nzima anasubiri mlinzi ageuke, anachoka, anaifuta. Yule wa kutumia kichwa anachukua ya zamu anategemea kitu kama chesi, anakutana na bunduki inayokosa shabaha kwa umbali wa hatua mbili, anakasirika na yeye anaifuta.

Mimi nasema gemu zote mbili ni za kupanga. Kichwa kinafanya kazi kote. Zinapoachana ni pale mpango unapoharibika, yaani nini kiliuharibu, una muda gani wa kuurekebisha, na hasara unailipa saa ile ile au unailipa baada ya masaa kumi. Ukishajua unavyopenda kuharibikiwa, kuchagua inakuwa rahisi sana.

Tuanze na kunyata maana ndo inayoeleweka vibaya zaidi. Metal Gear ya kwanza ilitoka 1987 kwenye kompyuta ya MSX2, na mtengenezaji wake Hideo Kojima alikuwa ametakiwa atengeneze gemu ya vita, shida ikawa ile mashine ilikuwa inazidiwa ukijaza maadui na risasi nyingi kwenye skrini kwa wakati mmoja. Akageuza kibao, badala ya kupigana mchezaji akwepe kupigana. Kwa hiyo aina hii ya gemu toka mwanzo ilikuwa inakuambia usifyatue, tazama kwanza. Ikaja 1998, mwaka ambao zilitoka Tenchu, Metal Gear Solid na Thief: The Dark Project, na kwangu mimi Thief ndo iliyoeleza kunyata ni nini kuliko zote. Chini ya skrini kuna kito kinachong'aa ukiwa kwenye mwanga na kufifia ukiwa gizani, sakafu kila moja ina sauti yake, ukipita kwenye zulia hausikiki ukipita kwenye marumaru au bati unasikika mpaka chumba cha pili, unaweza kurusha mshale wa maji ukazima mwenge, unaweza kurusha mshale wa kuvumwani (moss) ukalainisha sakafu. Na ukipandisha ugumu hawakuongezei maadui wenye damu (uhai) nyingi kama gemu nyingine, wanakuongezea masharti, ugumu wa juu kabisa unakataza kuua watu.

Nimeirefusha hiyo kwa sababu inaonyesha kitu ambacho hauna kwenye gemu za kunyata, nacho ni taarifa. Unaweza kuwa na silaha na bado usijue yule mlinzi anaangalia wapi, ananisikia au hanisikii, akimaliza kuzunguka atarudi kwa mlango gani. Kazi yako kubwa ni kukusanya habari huku saa inatembea. Ndo maana gemu nzuri ya kunyata unaipima kwa jinsi inavyokupa habari kwa haki. Splinter Cell: Chaos Theory ya 2005 iliweka kipimo cha kelele chenye alama mbili, kelele yako na kelele ya mazingira, kwa hiyo karibu na jenereta linalonguruma unaweza kukimbia na kwenye korido kimya hata kutembea ni hatari. Mark of the Ninja ya 2012 ikaenda mbali zaidi, ni gemu unayoitazama kwa pembeni, 2D tu, lakini kila sauti unaiona kama duara, unajua kabisa hili dirisha nikilivunja litasikika mpaka wapi. Ukikamatwa hapo huwezi kusema nimeonewa. Sasa chukua gemu ya kunyata ambayo mlinzi anakuona kupitia ukuta, au haeleweki kwa nini amegeuka, hiyo achana nayo hata kama ina picha kali namna gani.

Njoo kwenye zamu. Hapa habari unayo, tena ya kutosha, ramani iko wazi, unaona askari wako wana damu kiasi gani, adui yuko wapi, unaweza kukaa hapo nusu saa na hakuna atakayekusogelea. Ambacho hauna ni uhakika wa matokeo. XCOM: Enemy Unknown ya 2012, gemu ya kuongoza kikosi cha askari dhidi ya wavamizi toka anga za mbali, inakuandikia kabisa, nafasi ya kupiga ni asilimia 85, unabonyeza, unakosa, askari wako bora anauawa kwenye zamu ya adui. Watu wanalia sana na hili na nawaelewa, kichwa cha binadamu kinasoma 85 kama "lazima". Watengenezaji wanalijua hilo vizuri mno. Fire Emblem ya 2002, gemu ya vita ya zamu kwenye mashine ya mkononi ya Game Boy Advance, na kadhaa zilizofuata hazikutumia namba moja ya bahati nasibu kupima shambulio, zilichukua namba mbili zikatafuta wastani wake, kwa hiyo ukiandikiwa 90 kiuhalisia ulikuwa na kama 98, na ukiandikiwa nafasi ndogo ilikuwa ndogo zaidi ya unavyoona. Yaani namba ilirekebishwa ifanane na hisia za mtu. XCOM nayo kwenye ugumu wa chini inakusaidia kimya kimya ukishakosa mara kadhaa. Kwa hiyo yule anayesema hizi gemu zinamwonea, mara nyingi zinambeba.

Lakini kuna funzo hapo kwa anayechagua. Gemu ya zamu inakutaka uwe mtu wa kuuliza "nikikosa je?" kabla hujabonyeza. Mchezaji mzuri wa XCOM hapangi shambulio likubali, anapanga zamu ambayo hata shambulio likikataa bado askari wake wako nyuma ya ukuta mzima, bado ana bomu moja, bado mtu wa huduma ya kwanza yuko karibu. Kama wewe ni mtu ambaye plani A ikifeli unavurugika na kutafuta wa kulaumu, hizi gemu zitakutesa mpaka ubadilike au uziache, na wengi wanaziacha.

Kwenye muda sitakaa sana maana jambo lenyewe liko wazi. Zamu unaiacha pale pale, ukirudi kesho adui bado anasubiri, ukiitwa katikati hakuna kilichoharibika. Kunyata huwezi, au unaweza kubonyeza pozi lakini ukirudi umeshasahau yule wa kushoto alikuwa anazunguka vipi, ile picha uliyokuwa nayo kichwani imeshafutika na inabidi uanze kutazama upya. Na watu wenye vidole vizito wasiogope kunyata, nyingi zinaenda polepole kuliko gemu za risasi, kinachohitajika ni uvumilivu na jicho, sio kasi ya kubonyeza. Kwa kukatizwa katizwa zamu inashinda bila ubishi.

Sasa turudi kwenye kuharibikiwa maana hapo ndo kuna nyama yenyewe.

Kwenye kunyata kosa linalipwa sekunde ile ile. Umekanyaga pabaya, mlinzi amegeuka, umeonekana. Na hapo ndo gemu inaanza kuwa tamu, kama ukiiruhusu! Metal Gear Solid V ya 2015 ilifanya kitu kizuri sana hapa, ukionekana muda unapungua kasi kwa sekunde chache, unapewa nafasi moja ya kumnyamazisha aliyekuona kabla hajapiga kelele, ukifanikiwa umepona ukishindwa kambi nzima inaamka, na unaweza hata kuizima hiyo nafasi kwenye mipangilio kama unataka maisha magumu. Alafu maadui wanajifunza, ukizoea kuwapiga vichwani wanaanza kuvaa helmeti, ukizoea kuvamia usiku wanaleta miwani ya kuonea gizani. Kwa hiyo hata mpango ukikubali, ukikubali mara nyingi sana utaharibiwa na mafanikio yako mwenyewe. Hiyo naiheshimu.

Tatizo ni kwamba watu wengi hawafiki huko. Wakionekana tu wanalodi sevu ya mwisho, yaani wanarudi pale walipohifadhi mchezo. Wanaonekana tena, wanalodi tena, mpaka wapite levo nzima kama vile hawakuwahi kukosea. Siwalaumu moja kwa moja, gemu zenyewe zimewafundisha hivyo kwa kugawa alama za juu kwa aliyepita bila kuonekana hata mara moja, lakini matokeo yake mtu amelipia gemu yenye nusu mbili, nusu ya kujificha na nusu ya kujiokoa, na amecheza nusu moja. Shadow Tactics ya 2016 ilikubali ukweli huu na ikausimamia, inakuwekea saa kwenye skrini ya kukukumbusha kwamba dakika imepita hujasevu, maana kule kujaribu na kurudia ndo mchezo wenyewe. Upande mwingine kuna Freelancer, modi (namna ya kucheza) iliyoongezwa kwenye Hitman, gemu ya muuaji wa kukodiwa, mwaka 2023, ambayo haina kusevu katikati ya misheni kabisa, ukibugi unaishi na ulichobugi, unatafuta nguo nyingine ya kubadilisha, unatafuta njia ya kutokea, na kama hujawahi kucheza kunyata kwa namna hiyo basi bado hujaijua ladha yake.

Kwenye zamu kosa linakaa. Hii watu hawaambiwi wakati wa kununua na wanatakiwa waambiwe. Kwenye XCOM unaweza kupoteza kampeni, yaani vita nzima yenye misheni nyingi, mwezi wa pili na usijue mpaka mwezi wa sita, ulitafiti silaha kwanza ukaacha setilaiti za kulinda nchi zinazokulipa, nchi zikapata hofu zikajitoa kwenye mradi, hela ikapungua, askari wazoefu wakafa, wapya hawajui kulenga, na misheni unayoshindwa leo imesababishwa na uamuzi ambao hata huukumbuki. Kulodi sevu hapo hakusaidii, na hata ndani ya vita moja XCOM inatunza ile mbegu ya bahati nasibu, yaani namba inayoamua matokeo, ukilodi na kupiga risasi ile ile kwa mpangilio ule ule utakosa tena vile vile. Alafu kuna ile modi ya Ironman, sevu moja tu inayojiandika yenyewe. Wengine hiyo inawapa raha isiyo na mfano, kila askari anakuwa na uzito kwa sababu akifa amekufa. Wengine inawafanya wajute masaa 30 ya maisha yao.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli, unapenda kosa likupige kofi saa hiyo hiyo uendelee, au unaweza kuishi na deni linalokua taratibu? Kofi ni kunyata, deni ni zamu.

Kila upande una ugonjwa wake pia na ni vizuri uujue kabla. Ugonjwa wa kunyata ni bunduki. Studio inataka iuze kwa kila mtu, kwa hiyo inaweka kujificha alafu inakupa na silaha kali kiasi kwamba ukikamatwa unamaliza wote tu na unaendelea, na hapo kujificha kunakuwa pambo. Dishonored ya 2012 ilipambana na hili kwa kufanya mauaji yako yabadilishe mji wenyewe, ukiua sana panya wanaongezeka na mwisho wa hadithi unakuwa wa giza zaidi, wazo zuri, ila nalo likaleta shida nyingine, silaha na nguvu nyingi tamu kwenye ile gemu ni za kuua, kwa hiyo anayetaka mwisho mzuri anatembea na begi la vitu asivyovigusa. Hakuna dawa kamili ya huu ugonjwa nadhani. Bora ni ile ambayo ukiwa dhaifu uko dhaifu kweli.

Ugonjwa wa zamu ni mwisho wake kuvuta. Mechi ya kawaida ya Civilization VI, gemu ya kujenga dola toka zama za kale, ina kikomo cha zamu 500, na yeyote aliyeicheza anajua kwamba mshindi mara nyingi anajulikana mapema sana kabla ya hapo, zilizobaki unasukuma vitengo tu na kubonyeza zamu inayofuata kwa sababu umeshinda ila gemu bado haijakubali. Civilization VII ilipotoka Februari 2025 ikagawanya mchezo kwenye enzi tatu, na sababu mojawapo waliyoitaja Firaxis wenyewe, studio inayoitengeneza, ni kwamba wachezaji wengi walikuwa hawamalizi kampeni zao. Mfano mwingine ni XCOM ya 2012, watu waligundua njia salama ni kusogea hatua mbili, kuweka kila askari kwenye ulinzi wa kumfyatulia yeyote atakayejitokeza, kisha hatua mbili tena, unashinda lakini unasinzia. XCOM 2 ya 2016 ikaja na dawa kali, misheni nyingi zikawekewa idadi ya zamu za kumaliza, kama saa inayohesabu. Kelele zilikuwa nyingi na mod, yaani marekebisho ya wachezaji wenyewe, za kuondoa hiyo saa zikatengenezwa haraka sana. Mimi niko upande wa watengenezaji hapa moja kwa moja, ile saa inakulazimisha ukubali hatari, na bila hatari gemu ya zamu inabaki hesabu za kujumlisha.

Na angalia kitu kingine kwenye XCOM 2. Unaanza misheni nyingi kikosi chako kikiwa kimejificha, adui hajui upo, unaona miraba ambayo ukiikanyaga utaonekana, unapanga shambulio la kushtukiza alafu ndo vita inaanza. Hicho ni nini kama sio kunyata? Na Shadow Tactics, gemu ya kunyata, ina modi ya kupangia kila mhusika kitendo chake mapema alafu unabonyeza mara moja wote wanatenda pamoja, hicho nacho ni karibu kabisa na zamu. Aina hizi mbili zimekuwa zikikopana miaka mingi, na ndo maana ule mgawanyo wa akili huku vidole kule nauona hauna msingi.

Ukinilazimisha nichague moja nachukua ya zamu, na sijifichi kwenye hili. Sababu yangu ni kwamba kwenye kunyata, levo ukishaielewa imekwisha. Ile furaha ya kutazama, kusoma nyendo za walinzi na kugundua upenyo ni furaha kubwa sana lakini inakuja mara moja kwa kila levo, baadaye unatekeleza unachokijua tayari. Zamu nzuri inakupa tatizo jipya kila zamu, hata kwenye ramani ile ile, kwa sababu adui alisogea tofauti au wewe ulikosa risasi uliyotegemea. Kwa hela ya gemu moja utakayokaa nayo miezi, hiyo ni tofauti kubwa. Hitman ndo inayonipa shida kwenye hoja hii na lazima niseme, maana kuanzia ile ya 2016 ramani zake kama Paris na Sapienza zimejazwa njia, nguo za kubadilisha na ajali za kupanga kiasi kwamba kurudia ramani ndo mchezo wenyewe, mara ya tano unaona vitu ambavyo mara ya kwanza ulipita bila kuvitazama. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye kunyata na unataka kitu cha kudumu, chukua hiyo, nyingine nyingi utazimaliza na kuziweka pembeni.

Kwa mgeni wa zamu sishauri aanze na Civilization wala XCOM. Into the Breach ya 2018 inatosha kabisa. Uwanja ni miraba nane kwa nane tu, una mashine tatu, na kabla hujasogeza chochote gemu inakuonyesha kila adui atapiga wapi na kwa nguvu gani. Bahati nasibu ni kama haipo, mashambulizi yako hayakosi. Kazi yako ni kusukuma, kuvuta na kuziba ili pigo la adui litue kwa adui mwenzake au baharini badala ya kwenye majengo yenye watu. Ukikosea una nafasi ya kurudisha zamu nzima mara moja kwa kila vita. Inafundisha kufikiri kwa zamu bila kukuchanganya na asilimia, na ukishaizoea ndo uende XCOM ukiwa na nidhamu.

Na yule anayesema bado sijaamua, kuna Invisible, Inc. ya 2015, kutoka studio ya Klei, wale wale wa Mark of the Ninja. Ni kunyata kwa zamu, kwa maana kamili. Unaanza ukiongoza majasusi wawili kuingia kwenye majengo ya makampuni, kila mlango unaweza kuchungulia kwa gharama ya hatua, miraba anayoiona mlinzi imechorwa, huna haraka yoyote ya vidole, lakini kila zamu unayomaliza kengele ya hatari inasogea na jengo linaleta walinzi wapya na ulinzi mkali zaidi. Kwa hiyo unaweza kufikiri saa nzima kwenye zamu moja na bado ukachelewa. Muda wa kampeni ni masaa 72 ya ndani ya hadithi, na kila safari ya kwenda jengo jingine inayala hayo masaa. Una nafasi chache za kurudisha zamu, kwa hiyo kosa dogo unaliponya na kosa kubwa unatembea nalo. Icheze kampeni moja kisha tazama ni wapi ulikuwa unafurahi zaidi, kama ni pale unapochungulia mlangoni na kusoma macho ya mlinzi, nenda Hitman au Thief, na kama ni pale unapohesabu hatua zilizobaki na kuamua nani abebe hatari, basi XCOM 2 inakusubiri, tena uiwashe ikiwa na zile saa zake zote.